Kongani za teknolojia bado zina maana sana tu
Nyie mnaosema eti kwa vile watu wanafanyia kazi nyumbani basi kongani za teknolojia mijini, yaani makampuni, vyuo na mafundi waliojikusanya eneo moja, zimepitwa na wakati, mi nakataa kabisa. Programu unaandika popote, sawa, ila ujuzi mwingi unahama na watu. Cheki Silicon Valley kule California, Marekani, 1957 wahandisi 8 walimkimbia bosi wao Shockley wakaanzisha kampuni yao ya vifaa vya elektroniki, Fairchild, na humohumo Fairchild wakatoka walioanzisha kampuni ya chipu ya Intel 1968, wote eneo lilelile, tena sheria ya California haimruhusu bosi akuzuie kwenda kwa mshindani wake. Au Shenzhen kule China, pale soko la elektroniki la Huaqiangbei fundi anashuka ghorofa moja tu anapata chipu, betri na skrini, anajaribu sampuli yake fasta wakati fundi aliye mbali bado anasubiri mzigo. Ila majengo ya vioo peke yake bila vyuo, mitaji na mafundi, hapo hamna kongani.