Nautaka uenyekiti, ila sababu zangu si safi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma ualimu mwaka wa pili hapa Iringa. Wenzangu wa hosteli wananisukuma nigombee uenyekiti wa umoja wa wanafunzi wa kike chuoni. Nautaka, tena sana. Lakini nikijichunguza naona nautaka kwa ajili yangu: nijulikane, nipate cha kuandika kwenye wasifu nikiomba kazi, na nimkomeshe mmoja aliyesema sisi wa Makete hatujui kusimama mbele za watu. Mchumba wangu anasema kiongozi wa kweli hasukumwi na nafsi yake. Mama anahofia masomo. Nilisoma kwamba hata Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alijiunga na umoja wa namna hii akiwa chuo kikuu, na hadi leo wanaitana dada. Nimesikia nawe uliongoza umoja wa wasichana ukisoma Mbeya. Ulisukumwa na nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mchumba muulize kama alianza kukufuatilia kwa ajili ya maendeleo ya taifa.

Mimi nilisukumwa na maji. Hosteli yetu ilikuwa ya ghorofa, mabomba ya juu yalikuwa ya kuangalia tu, na viongozi wa umoja walipewa vyumba vya chini, hatua chache kutoka kwenye tanki. Wewe wa Makete baridi unaijua. Julai, alfajiri, kupandisha ndoo ngazi kwa ngazi huku vidole vimekufa ganzi! Nilichukua fomu nikiwaza chumba. Kwenye kampeni sikulitaja hilo, nani angelitaja?

Sababu ya pili ilikuwa daftari. Nilikuwa nasoma uhasibu. Kila msichana alitoa mchango mwanzoni mwa semista, lakini mwenzetu akifiwa tunachangishwa upya, na ukiuliza ule wa kwanza uko wapi unaambiwa una maswali mengi. Iliniuma, wala si kwa uchungu wa wanyonge. Iliniuma kama inavyomuuma mpishi akiona mtu anasonga ugali kwa kijiko cha chai. Nilipochaguliwa, kitu cha kwanza kilikuwa kitabu cha stakabadhi, cha pili akaunti yenye watia saini watatu, na kila mwisho wa mwezi karatasi ya mapato na matumizi ilibandikwa mlangoni kwa metroni. Wasichana walikuwa wanaisoma wakisubiri zamu ya kupiga pasi, wananisahihisha hadi shilingi mia. Waliokuwa wamegoma kuchangia wakarudi wenyewe.

Sababu ya tatu haikuwepo nilipogombea. Mwaka wa kwanza wanapofika bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, bado halijaingia, na wengine wanashuka stendi ya Nane Nane kutoka Kyela nauli ikiwa imeishia hapo hapo. Wataelekezwa kwa nani? Kwa mwenyekiti, chumba cha chini, karibu na tanki. Anayeumwa tumbo usiku wa manane ataelekezwa huko huko. Aliyeachwa na mpenzi pia, na huyo ndiye mgumu kuliko wote kwa sababu hataki dawa, anataka umsikilize mpaka kuche. Chumba nilichokitamani nilikilipia kodi.

Kwa hiyo kinachokuingiza hakinisumbui sana. Wasifu? Halali yako, ila utakapouandika taja kazi uliyofanya na fedha ulizosimamia. Cheo kitupu kila mtu anacho. Kujulikana? Utajulikana, na utaamshwa. Ninayoiogopa ni ile ya kumkomesha mtu. Kura zikishahesabiwa, huyo binti ni mwanachama wako. Akifiwa, wewe ndiye utakayepita chumba kwa chumba na bahasha. Hasira itakufikisha kwenye matokeo, lakini kipindi ni mwaka mzima, na vikao vya kujadili mapazia ya bwalo haviendeshwi kwa hasira. Kama bado inawaka, subiri kwanza.

Umoja wa Harris ni Alpha Kappa Alpha, ulioanzishwa na wanafunzi weusi Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1908. Mwaka 1913 wanafunzi 22 wa chuo hicho hicho, waliotaka kujitosa zaidi kwenye mambo ya umma, wakaanzisha Delta Sigma Theta, na Machi mwaka huo wakaingia kwenye maandamano ya kudai wanawake wapige kura. Ninachowaonea wivu si maandamano. Ni kwamba uanachama wao ni wa maisha, wana hadi matawi ya waliokwisha kuhitimu. Sisi udada wetu unavuliwa pamoja na joho. Ukishinda, fungua daftari la wanaomaliza: simu, kazi, wilaya. Mwalimu atakayepangiwa Ludewa ambako hamjui mtu atakushukuru.

Mama ana hoja, usimpuuze. Kazi ya umoja hujaa mwanzoni mwa semista, kabla majaribio hayajaanza, basi mtafute katibu anayependa kuandika, hata kama si rafiki yako, umwachie barua zote. Na mwahidi mama kwamba matokeo atayapata kabla hujamtumia picha ya kuapishwa.