Uliza Fundi Rewaya: Inawaka Sekunde Mbili Halafu Inazima

Wiki hizi meseji zimejaa magari yaliyogoma kuwaka, na nyingi zinaanza na maneno yale yale, "fundi kaniambia ni imobilaiza." Imobilaiza ni ule mfumo wa kuzuia wizi, unaoikatalia injini kuwaka mpaka gari itambue ufunguo wako. Sawa, kuna siku ni yenyewe kweli, ila hapa Arusha imobilaiza imegeuka kama malaria ya zamani, kila homa anasingiziwa mbu na hakuna aliyepima. Nimechagua maswali manne.

*Shikamoo fundi. Mimi niko Njiro, gari yangu ni Toyota ndogo ya ufunguo wa kuzungusha, automatiki. Ni wiki ya pili sasa, asubuhi nikiwasha inapiga stata vizuri, inanguruma kama sekunde mbili halafu inazima yenyewe. Nikirudia ni hivyo hivyo, mara ya tano au ya sita inakubali, na ikishakubali naitumia siku nzima haina neno. Fundi wa kwanza kabadilisha pampu ya mafuta, bado. Wa pili anasema kontroo boksi imekufa, anataka laki saba alete used kutoka Dar. Nimpe?*

Marahaba mama. Usimpe, sio wiki hii.

Hizo sekunde mbili ndio zinazosema. Kwenye Toyota nyingi imobilaiza ya kiwandani haizuii stata, stata inazunguka kama kawaida, injini inapewa mafuta kidogo ikiwa bado inasubiri kujua wewe ni nani, ikikosa jibu inakata mafuta na moto wa plagi. Kwenye kichwa cha ufunguo wako kuna chipu, kidude kama punje ya maharage, haina betri kabisa. Ile betri ya ndani ya rimoti ni ya kufungua milango tu. Chipu inapata umeme wake kutoka kwenye pete ya waya iliyozunguka pale unapochomeka ufunguo, hiyo pete ndio antena, inarusha mawimbi ya kama kilohezi 125 hadi 134, chipu inaamka, inajibu namba yake, namba inapelekwa kwenye kompyuta ya injini, ndio hiyo kontroo boksi, zikilingana injini inaruhusiwa. Yote hayo ndani ya chini ya sekunde moja. Kwa hiyo mahali pa kuharibika ni pengi, na kontroo boksi iko mwisho kabisa wa foleni.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, angalia dashibodi, kuna kataa kadogo kekundu, kwenye gari nyingine kana picha ya gari na kufuli au ufunguo. Ufunguo ukiwa nje kanapepesa, hiyo ni kawaida. Ukichomeka na kuzungusha hadi ON kanatakiwa kazime. Kakiendelea kupepesa na ufunguo uko ndani, basi gari haijaukubali ufunguo wako na tunaongelea imobilaiza. Kakizima vizuri na gari bado inakufa, imobilaiza mara nyingi haina kosa, turudi kwenye mafuta na hewa.

Halafu tafuta ufunguo wa akiba, najua uko kwenye droo ya kabati na risiti za TRA za mwaka juzi. Ukija na ule ukawaka kila mara, tatizo liko kwenye chipu ya ule wa kila siku, labda ulianguka kwenye sakafu. Na ujaribu ufunguo ukiwa peke yake, mama, toa ule mzigo wote, funguo za geti, za duka, na hasa funguo ya gari nyingine yenye chipu, zikikaa karibu pale kwenye pete zinaongea kwa pamoja na gari haimsikii yeyote.

Funguo zote mbili zikigoma kwa mtindo mmoja, sasa ni pete, waya au umeme unaoilisha. Nikwambie moja, mwezi wa sita mwaka jana, ile baridi yetu ya asubuhi, ililetwa gari kutoka Sakina imeshapita gereji tatu, ugonjwa ni huu huu wako. Nikatoa kava la chini ya usukani, nikalala chali na tochi mdomoni, ufunguo uko ON. Kuna plagi nyeupe pale, ndogo kama ukucha, inatoka kwenye pete. Nikaigusa kwa kidole, kataa kakazima. Nikaachia, kakaanza kupepesa. Nikagusa tena, kakazima, yani kama kananipungia mkono. Kumbe aliyefunga redio alivuta waya, pini moja imerudi nyuma haishiki sawasawa na imeshaanza kuota kijani. Asubuhi baridi inaisinyaza inaachia, jua likishika kidogo inagusana. Nikaisafisha, nikaisogeza mbele, nikafunga. Nilimchaji elfu ishirini na tano na bado akaomba nipunguze, wakati alishalipa pampu na koili za watu.

Kwako pia inakubali mara ya sita. Kitu kilichokufa hakifufuki mara ya sita, kinachofanya hivyo ni kitu kinachoachia na kushika. Mwambie fundi apime na ethi pia, ule waya unaounganisha bodi ya gari na negativu ya betri. Mita kwenye volti, waya mmoja kwenye chuma cha betri cha negativu, mwingine kwenye bodi pale waya wa ethi unapofungwa, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya 0.2 au tuseme 0.3, pale pamechafuka. Nimeshaona bolti ya ethi imefungwa juu ya rangi baada ya gari kunyooshwa bodi, gari imetoka inang'aa na haiwaki. Betri yenyewe ikiwa imepumzika isome karibu 12.6, na wakati wa stata isishuke chini ya 9.6, ikishuka sana kompyuta inajizima katikati ya mazungumzo na ufunguo. Na asitumie ile testa ya balbu kwenye waya za kompyuta! Balbu inavuta umeme mwingi, unaweza kuingia na tatizo la elfu tano ukatoka nalo la laki tano.

Kuhusu mashine ya kupimia, vile vidude vidogo vya bluetooth vingi vinasoma kodi, yani namba za makosa, za injini tu zinazoanza na P. Za imobilaiza ya Toyota zinaanza na B, kwa mfano B2784 ni ya pete ya antena, B2793 chipu, B2795 ufunguo usiofahamika, B2799 ni mawasiliano kati ya kompyuta ya injini na upande wa ufunguo. Muulize huyo wa laki saba alisoma kodi gani. Akisema "nimeona kwa uzoefu," chukua ufunguo wako.

Na hata boksi ingekuwa imekufa, used ya Dar inakuja na kumbukumbu ya ufunguo wa mtu mwingine. Wakiichomeka bila kuisajili upya na funguo zako, unajua itafanya nini? Itawaka sekunde mbili na kuzima.

*Mambo vipi mkuu. Napiga Noah Usa River kwenda mjini. Mwaka jana nilifungiwa alamu mtaani. Tangu mvua zianze gari inanikatalia, nikizungusha ufunguo taa za dashibodi zinawaka zote ila stata kimya, hata tiki hakuna. Juzi Tengeru nimekaa nusu saa, abiria wameshuka wote, halafu ikapiga yenyewe. Ni imobilaiza?*

Poa chalii wangu. Hapana. Gari nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazikuja na imobilaiza kabisa, Ulaya ndio waliilazimisha kwa sheria kwenye magari mapya mwaka 1998. Ulichonacho ni alamu na relei yake, swichi inayoendeshwa na umeme, na hiyo kazi yake ni kukata waya, mara nyingi wa stata, wengine wanakata wa pampu ya mafuta. Stata kimya kabisa inaninyooshea kidole huko huko.

Kwanza ikigoma, weka gia kwenye N ujaribu, maana swichi ya gia nayo inakata stata na haina uhusiano na wizi. Bado? Weka P, handbreki juu, kabali kwenye tairi, maana tunakwenda kushika stata. Stata ina waya mnene wa betri na waya mmoja mwembamba. Mita kwenye DC, nyeusi kwenye chuma cha injini, nyekundu kwenye ule mwembamba, utingo wako azungushe ufunguo. Ukiona volti 10 au zaidi na stata imenyamaza, stata yenyewe ndio mgonjwa, labda brashi. Ukiona sifuri, umeme unapotelea njiani, na wewe unarudi nyuma kuelekea kwenye dashibodi.

Pale chini ya dashibodi utakuta boksi jeusi la alamu limening'inia kwa tepu, nina uhakika wa tepu kuliko uhakika wa kula leo. Fuata waya wa stata uliokatwa, unaingia kwenye relei. Kwenye relei zenye miguu mitano namba zimeandikwa kwenye plastiki, 30 ndio kunapoingia, na kwa alamu nyingi unatokea 87a, ule ambao relei ikilala unapitisha umeme. Alamu ikiwa imezimwa kwa rimoti na mtu anapiga stata, kama 30 ina umeme na 87a haina, na kwenye 85 na 86 hakuna umeme unaoiamsha, meno ya ndani yameungua, nunua relei ya ampea 40 ufunge. Kama 85 na 86 zina umeme wakati umeshazima alamu, ubongo wa alamu umechanganyikiwa, na mvua zako hizo mimi namshuku huyo, angalia kama maji yanatiririka kutoka kwenye kioo cha mbele.

Ila kabla ya yote vuta ile tepu. Mafundi wetu wanasokota waya mbili kama kamba ya mbuzi wanazungushia tepu nyeusi basi. Miezi sita gundi imeyeyuka, maji yameingia, shaba imekuwa kijani. Umeme unapotelea pale pale. Kata sehemu mbovu, chomea kwa risasi, funika na ule mpira unaosinyaa ukiupasha moto.

Na ukikuta wamekata pampu ya mafuta, wewe unabeba watu, hamisha leo hii. Relei ikiachia uko spidi themanini na lori nyuma yako pale Maji ya Chai, injini inakufa, usukani unakuwa mzito, breki baada ya kukanyaga mara mbili tatu inakuwa ngumu kama ukuta.

*Habari fundi, nasoma nikiwa Rau, Moshi. Kila nikienda Dar wiki tatu nikirudi betri imekufa. Jirani anasema ni ile taa nyekundu ya wizi inayopepesa usiku kucha. Niizibe na tepu?*

Dada yangu, tepu itakuzuia wewe kuiona tu, umeme utaendelea kuliwa gizani.

Ile taa inakula milliampea chache sana, peke yake haiwezi kuua betri nzima kwa wiki tatu. Hesabu iko hivi, gari iliyolala vizuri inakula isiyozidi milliampea 50 hivi kwa vitu vyote, saa, kumbukumbu ya redio, alamu. Hiyo ni kama ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ndogo ya ampea-saa 45 itafika nusu kwa siku kumi na tisa. Kwa hiyo gari nzima isiyo na kosa, yenye betri ya miaka mitatu, inaweza kukukatalia baada ya wiki tatu bila mtu yeyote kulaumiwa. Ila kama inakula 300, kuna kitu hakilali, taa ya buti, redio iliyofungwa vibaya, au alamu ya mtaani.

Kupima, toa waya wa negativu, weka mita katikati kwenye tundu la ampea 10, funga milango yote, ondoka kabisa na rimoti, subiri nusu saa ndio usome, maana ukisoma mapema kompyuta bado ziko macho zitakudanganya. Usiwashe gari mita ikiwa pale, fyuzi ya mita itapasuka. Namba ikiwa kubwa chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Namba ikiwa ndogo, basi ukisafiri toa tu waya wa negativu uende zako, ila andika namba ya siri ya redio kama inayo. Na kama king'ora cha alamu kina betri yake ya ndani kitapiga kelele ukitoa waya, waage majirani kwanza.

*Fundi, gari yangu ni Toyota ya kubonyeza kitufe, nilikuwa parking KCMC saa nne usiku inasema haioni ufunguo. Nililala na mgonjwa wodini. Nilitakiwa nifanye nini?*

Pole sana, na pole ya mgonjwa. Mara nyingi hapo ni betri ya ufunguo imeisha. Ndani ya rimoti kuna ufunguo mwembamba wa chuma, unauchomoa unafungulia mlango. Alamu inaweza kulia, usiogope. Kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ya Toyota ndio uelekee kitufe, ikitoa mlio bonyeza. Ndani yake kuna chipu ile ile isiyohitaji betri, niliyomweleza mama wa Njiro. Betri mpya ni kama sarafu, soma namba iliyoandikwa juu yake kabla ya kununua, CR2032 na CR2016 ni upana mmoja ila unene tofauti.

Yule wa Kijenge aliyetuma picha ya fyuzi boksi, picha ni giza tupu naona kidole chako tu, tuma nyingine mchana na uniambie gari ni ya mwaka gani.