Binti anaanza bweni, achague nini baada ya masomo? Jibu la matroni

Mama wa Tabata uliyeuliza kuhusu binti yako anayeingia kidato cha kwanza bweni, nimesoma swali lako na majibu ya wenzangu, naomba nikujibu kwa kirefu maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana huku upande wa barabara ya Bagamoyo, na kabla ya hapo nilikuwa nafundisha netiboli shule ya kutwa. Umesema fomu ya kujiunga inataka mtoto achague shughuli mbili za jioni kati ya netiboli, kwaya, skauti, mdahalo, klabu ya sayansi, bustani na kompyuta. Baba yake anataka muda huo ulipiwe masomo ya ziada, wewe unaona bora mtoto apumzike, na binti mwenyewe anasema "chochote tu".

Nianze na baba, kwa heshima zote. Naelewa ada ilivyo na naelewa anachokitafuta. Lakini aitazame siku ya mtoto wa bweni ilivyo. Kwetu kengele inagonga saa kumi na moja alfajiri. Usafi, chai, darasani mpaka saa nane na nusu, chakula cha mchana, na saa kumi ndiyo michezo na klabu. Dar giza linaingia saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, kwa hiyo kabla ya hapo wanatakiwa wawe wameoga, na foleni ya bafuni mnaijua. Chakula cha jioni, halafu prepo, yaani kujisomea usiku, kuanzia saa moja na nusu mpaka saa nne usiku. Ukitoa kufua na kupanga sanduku, muda ulio wa mtoto mwenyewe ni kama saa moja na nusu tu, na ndio huo baba anaotaka kuujaza darasa jingine.

Mtoto wa kutwa akitoka shule anapanda daladala, anakutana na watu, anagombana na kaka yake, anatumwa kitunguu dukani, anasikiliza mpira na jirani. Mtoto wa bweni anatoka darasani na watu walewale, anakula na walewale, analala na walewale. Ile saa ya jioni ndiyo inayobeba kazi yote ambayo ingefanywa na nyumbani na mtaa: kucheka, kukosana na kupatana, kuwa na mtu mzima mmoja anayemjua kwa jambo lisilohusu alama. Nimewaona watoto waliojaziwa masomo mpaka usiku. Saa mbili na nusu kichwa kiko juu ya daftari, kalamu mkononi, wamelala. Hizo saa za prepo ambazo tayari zimo kwenye ada ndizo zinazopotea.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Ushauri wangu mkubwa ni huu: msichague jina la shughuli, chagueni mwalimu na siku. Karatasi ya shule inaweza kuandika klabu kumi na tano, lakini klabu hai ni ile yenye mlezi anayeonekana. Ukienda kumpeleka mtoto, uliza nani anaisimamia, wanakutana siku gani na wapi, halafu uliza wiki iliyopita walifanya nini. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mwalimu mwenye klabu hai atakujibu papo hapo, tena atakuchosha kwa maelezo. Ukisikia "huwa wanafanya mambo mbalimbali", jua hapo hakuna klabu, kuna jina tu. Hata kwaya nzuri sana itamdodea mtoto kama mwalimu wake anakuja mwezi mara moja.

Kati ya hizo mbili, moja iwe ya mwili. Hapa sibembelezi. Na kwa msichana mgeni asiyemjua mtu, netiboli ina jambo ambalo michezo mingine haina. Wachezaji ni 7, kila mmoja ana eneo lake, mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao na haruhusiwi kuushika zaidi ya sekunde 3. Maana yake hakuna fundi wa kuubana mpira peke yake huku wengine wakitazama. Lazima autoe, lazima atafute mwenzake, na huyo mwenzake mara nyingi ndiye yule mgeni aliyesimama pembeni. Ndani ya wiki chache anaitwa kwa jina uwanjani na dada za kidato cha tatu. Bweni zima linabadilika kwake siku hiyo, kwa sababu dada wa kidato cha tatu aliyekuita "pasi huku!" jioni hawezi kukunyang'anya ndoo asubuhi.

Wote wanataka kufunga, yaani kuvaa vesti ya GS (goal shooter) au GA (goal attack), kwa sababu ni hao wawili tu wanaoruhusiwa kufunga. Mwambie binti asikatae akipewa ulinzi. Timu za shule siku zote zina upungufu wa walinzi wazuri, na huko ndiko mgeni anapata namba haraka.

Kuna faida nyingine ambayo sisi walezi ndiyo tunayoitegemea zaidi. Uwanja unatuonyesha nani ana shida. Darasani mtoto anaweza kukaa kimya mwezi mzima na mwalimu akamwona ana nidhamu. Lakini aliyekuwa haachi mazoezi akianza kukaa bwenini jioni, mimi namfuata siku hiyohiyo. Wengine ni maumivu ya hedhi, wengine wanaionea aibu sare ya michezo iliyobana, wengine nyumbani kuna jambo, na wapo wanaosumbuliwa na wenzao. Asiye na shughuli yoyote hana mahali ambapo mtu atagundua kwamba hayupo, ndiyo maana shida yake inachelewa kugundulika.

Baadhi ya wenzangu waliokujibu wametaja UMISSETA kana kwamba ni hatari. Ni mashindano ya michezo ya sekondari yanayoanzia chini, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Akichaguliwa kwenda mbali atakosa vipindi, ni kweli. Hapo unaongea na mwalimu wa taaluma kabla hajaondoka, anapewa daftari za kunakili na mwenzake wa kumsaidia akirudi. Kwa fomu wani hilo ni jambo la mbali bado. Na kwa wanaosema ameshachelewa kwa sababu hakucheza msingi: Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar hii hii, alianza kikapu akiwa na miaka 15, na mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 katika usajili wa NBA, akaenda Memphis Grizzlies. Simtaji ili baba aanze kuota Marekani. Namtaja kwa sababu miaka 13 siyo kuchelewa kwa chochote.

Kama mtoto ana pumu au selimundu, usifiche kwenye fomu eti asibaguliwe. Tuambie. Mwenye selimundu baridi, kukosa maji na kujichosha kupita kiasi vinaweza kumletea maumivu makali, kwa hiyo tunajua apumzike saa ngapi, abebe chupa ya maji, na siku nyingine ashike filimbi au daftari la magoli. Bado yuko uwanjani na wenzake. Mwenye pumu pampu yake ikae mfukoni, isifungiwe sandukuni.

Shughuli ya pili iwe ya kutengeneza au kutafuta kitu, na hapa mimi nina upendeleo wa wazi kwa klabu ya sayansi ikiwa ina mlezi. Nieleze nilichokiona bwenini kwetu. Mashati meupe yalikuwa yanageuka ya njano, kila muhula wazazi wanalalamika sabuni mbaya. Wasichana wawili wa kidato cha pili wakaamua kutafuta sababu. Wakakata shuka kuukuu vipande vya kiganja, wakaviandika namba kwa kalamu ya wino usiofutika, wakawa wanafua vingine kwa maji ya kisima, vingine kwa maji ya mvua, kwa sabuni ileile ya mche. Kila jioni vipande vinaanikwa kwenye kamba yao nyuma ya bweni na daftari linaandikwa. Vya mvua vilibaki vyeupe. Vya kisima vikaanza njano, halafu rangi ya kutu.

Mwalimu wao wa kemia hakuwapa jibu, aliwaambia wajaze ndoo maji ya kisima, waiache wazi usiku kucha, asubuhi waangalie chini. Chini kulikuwa na tope jembamba la rangi ya kutu. Ni chuma kilichoyeyuka majini, kikikutana na hewa kinageuka kutu na kutuama. Wakafua kwa maji ya juu ya ndoo ile, bila kuitikisa, na vipande vikatoka vyeupe kuliko vya kwanza. Tangu hapo bweni letu maji ya kufulia sare yanatekwa jioni na kuachwa yatulie. Gharama yote ilikuwa shuka bovu, ndoo na daftari. Hao watoto kemia waliisoma baada ya hapo kwa namna nyingine kabisa, na hilo ndilo ningependa baba alisikie: alama zilipanda, ila zilipanda kwa sababu walikuwa na swali lao wenyewe. Kazi za namna hii ndizo zinazopelekwa kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania hapa Dar, wanafunzi wawili wawili na mwalimu wao. Kama shule unayompeleka inashiriki, hiyo ni dalili nzuri.

Bustani isidharauliwe. Shule nyingi bado zinaiita EK, elimu ya kujitegemea, na kuna mahali imeharibiwa kwa kugeuzwa adhabu: aliyechelewa akapalilie. Ukikuta hivyo, msiichague. Ila ikiwa ni klabu ya waliojiandikisha, ni nzuri sana kwa mtoto mpole. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu nne, kwa hiyo mtoto anaona matunda ya kazi yake kabla muhula haujafika nusu, na mboga inaingia bwaloni wenzake wakijua imetoka kwa nani. Masika uwanja wa mpira ukijaa maji, bustani na klabu za ndani ndizo zinazookoa jioni.

Skauti wanafundisha mafundo, huduma ya kwanza na kupiga kambi, na wasichana wanapokelewa. Uliza tu gharama ya sare na skafu mapema. Mdahalo ni mzuri, lakini shule nyingi unafanyika Jumamosi, kwa hiyo usimmalizie nafasi ya jioni. Kompyuta uliza mashine zinazofanya kazi ni ngapi na kila mtoto anakaa mbele yake muda gani. Kama shule ina Roots & Shoots, klabu ya vijana ya mazingira ambayo ilianzia hapa Dar mwaka 1991 kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, na wanafunzi 12 wa sekondari, au klabu ya Fema, ile ya jarida la vijana, hizo pia zinafaa, kwa sharti lilelile la mlezi na siku. Vikundi vya dini kama TYCS, UKWATA na TAMSYA havihesabiwi kwenye hizo mbili, vina siku zao na mtoto atavikuta.

Zaidi ya mbili hapana. Kuna wazazi wanajaza tano, mtoto anakimbia kutoka uwanjani kwenda kwaya kwenda skauti, nguo hazifuliwi, Ijumaa analia bila sababu. Siku moja ya jioni katika wiki ibaki tupu kabisa. Afue, asuke nywele na mwenzake, akae chini ya mwembe asifanye lolote. Kwa hilo nakuunga mkono wewe mama: apumzike. Ila wiki nzima ya kupumzika kwa mtoto mgeni ndiyo wiki nzima ya kuwaza nyumbani.

Na "chochote tu" ya binti yako usiichukue kuwa hajali. Hajui kukoje huko. Mwombe achague kwa ajili ya muhula mmoja tu, mkubaliane kwamba hataacha katikati hata akichoka wiki ya pili, na likizo ataamua upya. Wiki ya pili na ya tatu ndizo ngumu kwa kila mgeni, na anayeruhusiwa kuacha hapo huacha kila kitu.

Kwa hiyo kwenye fomu yako mimi ningejaza netiboli nafasi ya kwanza. Ya pili ningeiacha wazi kati ya sayansi na bustani mpaka mkutane na walimu siku ya kuripoti. Shule nyingi zinakubali ukiomba vizuri. Masomo ya ziada msilipie sasa. Subirini matokeo ya muhula wa kwanza, na kama kuna somo moja limemlemea, mlipie hilo moja, Jumamosi asubuhi. Akifika kidato cha pili, ikikaribia Novemba na mtihani wa taifa, shule yenyewe itapunguza michezo, msiwe na wasiwasi.

Kwenye sanduku ongeza raba zinazomtosha sasa hivi, siyo za kukulia, kwa sababu raba kubwa zinateguza miguu. Weka sidiria mbili za michezo, kaptura isiyobana, taulo za kike za kutosha mpaka siku ya kutembelewa, na chupa ya maji yenye jina lake. Siku ya kuripoti mtafute matroni wa huko, mwambie kwamba mtoto ni mgeni wa bweni na umemchagulia netiboli. Ataelewa, na jioni ya kwanza atamtuma mtu aje amchukue.