Lugha ya kisakinishi chako isikuvushe pantoni mara tatu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mabibo anayeandika programu ya stoo alinitumia ujumbe: "Kaka, shikamoo. MSI yangu iko tayari. Nataka ikisakinishwa ikague leseni na kuandaa hifadhidata. Hiyo sehemu niandike kwa lugha gani?" Kabla sijajibu akaongeza: "Python naimudu vizuri."

Nilicheka peke yangu. Miaka kadhaa nyuma nilijiuliza swali hilohilo na kujijibu hivyohivyo: lugha ninayoimudu. Jibu hilo lilinivusha pantoni ya Kigamboni mara tatu ndani ya wiki moja, nikifuata kompyuta moja ya duka la dawa.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa, MSI, faili la kusakinishia programu kwenye Windows, si programu kama nyingine. Ni hifadhidata ndogo yenye majedwali. Jedwali hili linataja mafaili, lile linataja rejista (daftari la mipangilio la Windows), jingine linataja huduma za kuwashwa, na Windows Installer, injini iliyoingia na Office 2000 mwaka 1999, inayasoma na kuyatekeleza. Majedwali yanapoishia ndipo unapochomeka msimbo wako mwenyewe (nasema msimbo, maana Kariakoo ukitamka kodi watu wanakunja uso). Hiyo ndiyo hatua maalumu.

Mimi nilianza na VBScript, lugha ya skripti ya Microsoft. Ilikuwa tamu: unaandika kwenye Notepad, hukompaili kitu, unaitia ndani ya MSI, imeisha. Kwenye laptopu yangu Sinza ilipita. Mtaa wa Uhuru ikapita. Kigamboni ikagoma, ikatoa namba 2738, yaani kisakinishi kimeshindwa kuifikia VBScript. Nikaangalia, nikaona faili lake, vbscript.dll, lipo palepale linapotakiwa kuwa. Nikarudi nyumbani nikijua nimekosea mimi, nikabadilisha mistari, nikavuka tena. 2738. Siku ya tatu nikatulia na logi, yaani kumbukumbu ya hatua za usakinishaji, nikaona mchezo ulivyokuwa: antivirusi iliyowahi kuwekwa pale ilikuwa imejiandikisha kama mpokeaji wa skripti, na usajili huo ukabaki upande wa rejista ya mtumiaji badala ya upande wa mashine nzima. Windows Installer inafanya kazi kwa mamlaka makubwa, kwa hiyo inakataa kupakia kitu kutoka sehemu ambayo mtumiaji yeyote anaweza kuchezea. Na ina haki. Ningekuwa mimi ningekataa pia.

Nilifuta usajili ule kwenye rejista, nikaisajili VBScript upya kwa amri ya regsvr32, programu ikaingia. Nikaona nimeshinda. Mwenye duka, mzee mmoja mtaratibu sana, akaniuliza: "Sasa kijana, na kwenye duka langu la Mbagala utakwenda kufanya hivyohivyo?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikichagua lugha ya hatua maalumu sijiulizi tena naimudu kiasi gani. Najiuliza inategemea nini kwenye kompyuta ambayo sijawahi kuiona. Programu yako ikishaingia unaweza kuipangia mazingira yake. Kisakinishi hakina bahati hiyo, kinafika wa kwanza, nyumba bado haina hata kiti.

VBScript kwa sasa haina mjadala tena. Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kuiacha, na kuanzia Windows 11 toleo la 24H2 imekuwa kijenzi cha hiari ambacho mpango wake ni kuzimwa na hatimaye kuondolewa. Ukiwa na MSI ya zamani yenye VBScript ndani, anza kuihamisha sasa. JScript ni ndugu yake, nayo siiweki humu.

PowerShell, lugha nyingine ya skripti ya Windows, nayo huwa inapendekezwa sana. Mimi siitumii humu. Windows 7 ilikuja na toleo la 2, Windows 10 ina 5.1, na sera ya kuzuia skripti inatofautiana mashine na mashine. Ni chombo kizuri cha fundi akiwa amekaa mbele ya kompyuta. Ndani ya kisakinishi ni kubahatisha.

Baada ya Kigamboni nikahamia lugha ya C#. WiX, zana huria ya kutengenezea MSI ambayo Rob Mensching na wenzake waliitoa hadharani mwaka 2004, ina maktaba inayoitwa DTF. Unaandika kazi yako kwa C# kawaida, inaifunga ndani ya DLL ya asili (faili la msimbo ambalo Windows inaliita moja kwa moja), na wakati wa kusakinisha inajifungua na kuendeshwa pembeni kwenye mchakato wake. Raha yake ni kwamba ukisema session.Log ujumbe unaingia kwenye logi ileile ya MSI. Kwa mtu anayefuatilia tatizo kwa simu, huku mteja anamsomea herufi mojamoja, hiyo ni nusu ya kazi.

Lakini nilifanya uzembe. Nilikompaili kwa .NET 3.5 (.NET ni mazingira ambayo C# inayahitaji ili iendeshwe) kwa sababu kompyuta nyingi za wateja wangu zilikuwa za mtumba zenye Windows 7, na Windows 7 inayo. Duka la Tegeta likanunua mashine mpya yenye Windows 10. Humo 3.5 haijawashwa, ukiitaka, Windows inataka kuishusha mtandaoni, au uwe na diski ya Windows uielekeze kwa amri ya DISM. Duka lilikuwa halina intaneti. Nikatoa simu, nikawasha hotspoti, nikaangalia bando langu linavyoyeyuka kwa ajili ya mistari arobaini ya kukagua leseni. Dawa yake ilikuwa ndogo mno: kwenye faili la CustomAction.config unataja na toleo la 4 kama linalokubalika. Siku hizi nakompaili moja kwa moja kwa 4.x, maana Windows 10 na 11 zinayo tayari, na Windows 7 ilishaachwa kuhudumiwa tangu Januari 2020.

Kwa hiyo kama wateja wako wote wako Windows 10 kwenda juu na wewe ni mtu wa C#, tumia C# na ulale. Msomaji akiishia hapa sitamlaumu.

Mimi mwenyewe niliendelea hadi C++, na sikwenda kwa mapenzi. Hatua inayokagua kama kompyuta inafaa kabisa, ile inayotangulia vyote, nilitaka isitegemee chochote. DLL ya C++ inaitwa moja kwa moja na Windows Installer bila mtu wa kati. Ila ina namba yake ya mateso: 1723, "DLL inayohitajika haikuweza kuendeshwa". Mara ya kwanza niliiona kwa sababu nilipeleka toleo la kutafutia hitilafu, ambalo linahitaji maktaba zilizopo kwenye kompyuta za waandishi wa programu tu. Kwangu ilipita, kwa mteja hapana. Nikakompaili upya kwa chaguo la /MT ili maktaba zote ziwe ndani ya DLL. 1723 tena! Usiku mzima. Safari hii kosa lilikuwa jina. Kwenye 32-biti kompaila ilikuwa imeligeuza jina la kazi (function) yangu, ikalivika kistari cha chini mbele na @4 nyuma, na MSI inatafuta jina nililoliandika kwenye jedwali. Faili la .def la mistari mitatu, linalotaja jina kama lilivyo, likamaliza ugomvi. Namba moja, magonjwa mawili, ndiyo maana nasema C++ iwe ya kazi fupi.

Sasa Python ya yule kijana. Inawezekana, ukiifunga iwe EXE, yaani programu inayojiendesha yenyewe. Lakini EXE haizungumzi na MSI: haisomi taarifa za usakinishaji mpaka uipe kwa mkono, haiandiki kwenye logi, inarudisha namba moja tu, na isipokuwa sifuri MSI inahesabu imeshindwa. Juu yake unabeba Python nzima kwa kazi ya dakika moja, na antivirusi zina tabia ya kuzitilia shaka EXE za namna hiyo. Lugha ya Go ingekuwa afadhali, inatoa faili moja lisilodai kitu, ingawa suala la logi linabaki palepale.

Kuna jambo ambalo lugha haina ubavu nalo, na hapa kwetu lina uzito. Umeme ukikatika katikati. Windows Installer hukumbuka ilipofika, na usakinishaji ukianzishwa tena inataka kwanza kurudisha ya nyuma. Itarudisha mafaili na rejista, kwa sababu iliyaweka yenyewe. Hifadhidata uliyoiunda wewe haijui. Ukiandika hatua ya kuunda, andika na ya kufuta, na hiyo ya kufuta ipangwe kabla ya ile ya kuunda, la sivyo haitaitwa. Mimi nilikuta hifadhidata nusu ikimsubiri mteja Tandika, na jaribio la pili likagoma kwa sababu jina limeshatumika.

Nilimjibu kijana hivi: leseni kagua ndani ya programu yenyewe inapofunguliwa mara ya kwanza, si kazi ya kisakinishi. Hifadhidata, vilevile, kama unaweza. Huduma ya Windows usiiandikie msimbo, jedwali la ServiceInstall lipo. Ikibaki hatua hata moja, C#. Na kama unauzia maduka ya mtu mmoja mmoja, bila ofisi kubwa zinazodai MSI, jaribu Inno Setup, zana nyingine ya kutengenezea visakinishi: lugha yake ya Pascal inakuja ndani ya kisakinishi chenyewe, huna cha kuomba kwa mwenye mashine.

Akauliza atajuaje kama iko sawa. Nikamwambia aweke Windows tupu kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yake), isiyo na Visual Studio ya kuandikia programu wala chochote, azime intaneti, aendeshe usakinishaji kwa amri ya msiexec na /l*v ili logi yote iandikwe, halafu katikati aizime kwa nguvu.

Jana amenijibu. Hatua zake zilikuwa sita, imebaki moja.