Midomo Ikianza Kuchoma Baada ya Kutolewa Rovu

Leo asubuhi dada mmoja kaniandikia kutoka Makete. Katolewa rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, siku tatu zilizopita, midomo inamchoma kama imepakwa pilipili, na mumewe anamwambia ni ganzi ya dawa ya usingizi. Nilisoma ujumbe ule mikono ikitetemeka, maana na mimi niliwahi kutulizwa hivyohivyo.

Nimekulia Njombe, na kwetu rovu halikuwa jambo la ajabu. Bibi alikuwa nalo, mama analo, tangu enzi chumvi yenye madini joto haijafika dukani kijijini. Langu lilipoanza kunibana pumzi, daktari akasema tezi itolewe yote. Alinieleza habari za kovu, akanieleza habari za sauti. Kama alitaja kalsiamu, basi aliitaja nikiwa nasaini karatasi, akili yote iko kwa wanangu.

Nilipasuliwa Jumanne, nikaruhusiwa Alhamisi. Usiku ule nimeshika kikombe cha uji, midomo ikaanza kuchomachoma, kisha ncha za vidole, kama natembelewa na sisimizi. Nikampigia nesi wa wodi. "Mama, huo ni wasiwasi tu, lala." Nikalala. Neno lile linaniuma hadi leo. Alfajiri miguu ilikakamaa nikapiga yowe, nyumba nzima ikaamka.

Nilipelekwa hospitali nyingine. Sista akanifunga mkanda wa presha, akaujaza upepo, akauacha kidogo. Mkono ukajikunja wenyewe: kiganja kikainama, kidole gumba kikaingia ndani, vile vinne vikanyooka vimebanana, kama vya mtu anayeokota punje ya mchele. Sista hakuuliza swali la pili, akaita daktari. Kalsiamu ya damu ilikuwa milimoli 1.7 kwa lita, wakati inatakiwa isipungue kama 2.1. Wakaniwekea ya mshipani, polepole, huku wakiangalia mapigo ya moyo, kwani ikishuka sana mtu hupata degedege na moyo huenda mrama.

Nyuma ya tezi ya thairoidi, hiyo ya shingoni niliyotolewa, kuna vitezi vinne, kila kimoja kama hiyo punje ya mchele. Ndivyo vinavyolinda kalsiamu ya damu. Kwenye upasuaji vinaweza kuchubuka, kukosa damu, au kutolewa bila kukusudia. Kwa wengi huamka baada ya wiki au miezi kadhaa. Vyangu havijaamka.

Kwa hiyo nasema, ndugu zangu: kabla hujatoka wodini, dai kipimo cha kalsiamu. Dai! Hatari kubwa iko siku mbili tatu za mwanzo, wakati wengi tumesharudi nyumbani. Maziwa na dagaa kula, lakini hayachukui nafasi ya dawa. Mimi nameza levothairoksini, homoni ya kuziba pengo la tezi iliyotolewa, saa kumi na moja alfajiri kwa maji matupu. Kalsiamu siigusi hadi saa tatu, pamoja na chakula, maana ikikutana na levothairoksini tumboni inaizuia isifanye kazi. Kalsitrioli, aina ya vitamini D inayosaidia mwili kufyonza kalsiamu, sikosi hata siku moja. Na mtu asikuite muoga. Wanawake wa kwetu tumelelewa kuvumilia, lakini mwili ukikakamaa hakuna cha kuvumilia, ni kwenda kupimwa, usiku huohuo.

Dada wa Makete nimempigia, nikaongea na mumewe pia. Sasa hivi kanitumia ujumbe: wamepata gari la jirani, wako njiani kwenda hospitali.