Barua kwa mwanangu: mifupa ya Neema

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata. Huku Moshi hatujambo, ila baridi tu, mlima haujafunguka wiki nzima. Umeniuliza kama Neema wako atapata kalsiamu ya kutosha, madini ya kujenga mifupa, kwa mchicha na vidonge tu, maana maziwa yanamjaza gesi.

Mchicha usiutegemee. Kalsiamu imo, tena nyingi, lakini imeshikwa na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani yake, na sehemu kubwa hutoka na choo bila kufika kwenye mfupa. Sukuma wiki ni afadhali mno. Hili linaniuma, kwa sababu nilipokuwa kliniki niliwaambia kina mama "kuleni mboga za majani" kana kwamba zote ni sawa.

Gesi ile inatokana na sukari ya maziwa. Mpe mtindi: bakteria wamekwishaila sehemu ya sukari hiyo, kalsiamu imebaki palepale. Kwa miaka yake 14 anahitaji miligramu 1,300 kwa siku, na kikombe cha mtindi kina kama 300. Kwa hiyo ongeza dagaa, wale wanaoliwa na miiba yao, na uji wa ulezi. Ulezi wenyewe uuoteshe kwanza, kama bibi yako alivyoandaa kimea cha mbege. Usipooteshwa, fitati, kemikali za asili zilizomo kwenye nafaka, zinaizuia kalsiamu isiingie mwilini.

Vidonge asivimeze vyote kwa mpigo. Mwili hupokea vizuri kiasi kisichozidi miligramu 500 kwa mara moja, hivyo avigawe, ale navyo chakula. Kama shuleni wanapewa vidonge vya madini chuma, vyote viwili visimezwe pamoja.

Sasa nikuombe jambo moja, mwanangu: acha kutia magadi kwenye makande. Maji ya huko kwenu, upande wa Mlima Meru hasa, yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu mifupa, na magadi huyaongeza. Nimeona watoto wa miguu iliyopinda, na anayepungukiwa kalsiamu ndiye anayeumia zaidi. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva bila magadi.

Na asijifungie ndani na simu. Jua la mchana linampa vitamini D, na bila vitamini hiyo, kalsiamu haiingii mwilini ipasavyo. Acheze netiboli, aruke kamba. Sehemu kubwa ya mifupa atakayozeeka nayo anaijenga kabla ya miaka 18.

Ulezi nimekwishauotesha na kuuanika. Nitaupakia kwenye basi la Jumamosi asubuhi, mtume Neema aufuate stendi.

Mama yako