Maswali kwa Babu Fundi: Distribyuta yenye kiu na distribyuta iliyozama

Swali: Shikamoo Babu Fundi. Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, niliyoachiwa na marehemu baba. Nikiwa Mombo inawaka bila shida na silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inatulia. Nikianza kupanda kwenda Soni na magunia ya mbolea, nguvu inakata, rejeta inachemka na ekzosi inapiga mabomu. Fundi wa kwanza alisafisha kabureta, hali ikabaki ileile. Wa pili alibadilisha pointi (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa cheche) na kondensa (kifaa kinachopunguza cheche kwenye pointi), lakini wiki chache tu pointi zimekuwa nyeusi. Tulipofungua distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, nikakuta amejaza grisi mle ndani. Anasema magari ya zamani yanapenda grisi. Ni kweli? — Msomaji, Lushoto

Jibu: Marahaba, mwanangu. Chomoa waya wa betri, chukua kitambaa kilicholowa petroli kidogo, uitoe grisi hiyo yote. Ikipata joto la injini inalainika na kutawanyika hadi kwenye pointi, na kila cheche inayoruka pale inaikaanga kuwa masizi. Umeme unapita kwa shida, koili inayoukuza umeme wa plagi haipati chaji ya kutosha, plagi zinapiga moto dhaifu. Ukifunga pointi mpya juu ya uchafu uleule, nazo zitaungua. Kondensa mbovu pia inaharibu pointi, ila alama yake ni nyingine: upande mmoja unaota kichuguu na wa pili unachimbika. Weusi wa kupakazika ni mafuta.

Hata hivyo, sidhani kama pointi ndizo zinazokuangusha mlimani. Gari linalowaka vizuri na kutulia kwenye silensa, halafu linaishiwa pumzi likipewa kazi, mimi nakwenda kwanza chini ya sahani ya pointi. Kule kuna vyuma viwili vya uzito vilivyoshikwa na springi mbili ndogo. Mizunguko ikiongezeka, vyuma vinatanuka na kuisogeza mbele kemu (kipande chenye mbavu kinachofungua pointi), ili plagi ipige mapema zaidi. Petroli inahitaji muda wa kuungua, na pistoni haisubiri mtu. Vyuma hivyo vikikauka na kushika kutu, moto unabaki wa silensa hata ukikanyaga mafuta. Petroli inamalizia kuungua ikiwa njiani kwenye ekzosi, na joto lake linabaki kwenye kichwa cha silinda. Mabomu na rejeta kuchemka vinatoka hapo. Kabureta mara nyingi inasingiziwa.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, toa kofia ya distribyuta, shika rota (kipande kinachozunguka chini ya kofia) kwa vidole na uizungushe upande inaozungukia. Kwenye Land Rover yako ni kinyume cha mshale wa saa. Itasogea kidogo, kisha ukiiachia irudi yenyewe kwa springi. Ikigoma kusogea, au ikisogea ikabaki hukohuko, umempata mchawi. Hapo hapo chomoa kimpira cha vakyumu, ule mrija unaoleta mvuto wa hewa wa injini kwenye distribyuta, upande wa kabureta, ukinyonye kwa mdomo huku ukiangalia sahani ya pointi. Sahani inapaswa kugeuka na kubaki imegeuka ukiziba kwa ulimi. Ikirudi taratibu, ngozi ya ndani imetoboka, na hiyo haitibiki kwa mafuta ya aina yoyote.

Sasa mafuta yenyewe. Mimi nilijifunzia kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, na msimamizi wetu siku ya sevisi ya distribyuta alikuwa anatufichia kopo la grisi. Alituachia kikopo cha oili chenye mdomo mwembamba na njiti ya kiberiti. Ndivyo vifaa nitakavyo uwe navyo.

Chomoa rota. Distribyuta ya Lucas ya aina ya 25D4 ina skrubu katikati ya kemu. Dondoshea hapo matone mawili matatu ya oili ya kawaida ya injini. Usiifungue hiyo skrubu, kwani kiwanda kimeacha nafasi pembeni yake ili oili ishuke mpaka kwenye shafti. Aina ya 45D4 ina kipande cha feliti (kitambaa kizito kinachonyonya oili) mahali hapo, basi kiloweshe. Kisha tafuta upenyo wa kwenye sahani karibu na kemu, dondoshea matone machache yavifikie vile vyuma vya uzito. Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka kwa sababu hapaonekani. Pini ambayo mkono wa pointi unachezea inataka tone moja, tena dogo. Grisi ni kwa mbavu za kemu tu. Chukua ile ya beringi isiyoyeyuka haraka kwa joto, ipakaze kwa ncha ya njiti, utando mwembamba. Ukiona imerundikana umezidisha. Kisha futa chochote kilichofika karibu na midomo ya pointi. Kitabu cha gari kinasema kazi hii ifanywe kila maili 6,000, karibu kilomita 10,000. Kwa vumbi la barabara za huko mashambani, mimi ningefanya kila kilomita 5,000.

Ule utando wa kemu una kazi kubwa kuliko unavyodhani. Kemu kavu inakisaga kisigino cha pointi (sehemu inayogusa kemu), kisigino kikiisha pengo la pointi linapungua, na pengo likipungua moto unachelewa. Kwa hiyo kila sevisi pima pengo kwa fila geji (kipimio cha mabamba membamba), kisigino kikiwa juu kabisa ya ubavu wa kemu. Weka milimita 0.35 hadi 0.40. Baada ya hapo angalia taimingi (wakati wa plagi kupiga moto) upya, maana ukigusa pengo umeigusa na taimingi.

Kama vyuma vimeganda kabisa, distribyuta itoke. Kabla hujalegeza, kwaruza alama kwenye mwili wake na kwenye bloku, uandike na rota inaelekea wapi. Ukifika ndani utaona springi moja imekaza na nyingine imelegea. Usiikunje ili ikaze, imetoka kiwandani hivyo makusudi.

Swali: Babu, nina Peugeot 504 hapa Tanga. Asubuhi zenye unyevu haiwaki, nimezoea kufungua kofia ya distribyuta na kupuliza WD-40 ndani. Inawaka. Naweza kuihesabu kama ndiyo kulainisha? — Msomaji, Tanga

Jibu: Hapana. Dawa ile ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Lakini ni nyepesi, inaosha grisi ya kemu halafu yenyewe inakauka. Ukiwa umekwama, puliza kwenye kofia na waya, futa, ondoka. Ugonjwa wenyewe utafute usiku: inua boneti, washa injini kwenye giza. Ukiona vimwali vya buluu vikitembea juu ya kofia au waya, vibadilishe. Kofia yenye ufa mwembamba mweusi kwa ndani haioshwi ikapona, ule weusi ni kaboni na umeme umeshaufanya barabara.

Swali: Fundi, nina Volkswagen Kobe ya 1969 na nataka kutoa pointi niweke kifaa cha elektroniki. Nikishaweka, sevisi ya distribyuta si imekwisha? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Iliyokwisha ni sevisi ya pointi. Shafti bado inazunguka kwenye bushi zake (pete zinazoishika), na kama distribyuta yako ni ya vyuma vya uzito, bado vinataka oili. Matone mawili kwenye feliti iliyo chini ya rota yaendelee.

Kabla hujatoa hela, shika shafti uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, bushi zimekwisha, na pengo la pointi linakuwa tofauti kwa kila silinda. Bushi za shaba zenye vinyweleo, kama zile za Lucas, zinalowekwa kwenye oili ya injini saa 24 kabla ya kufungwa. Mwenye haraka anaichemsha oili hadi nyuzi 100 kwa saa mbili na kuiacha ipoe bushi zikiwa humo. Fundi akikuambia anafunga kavu, chukua gari lako.

Kifaa chenyewe sikipingi. Usiache tu swichi imewashwa injini ikiwa imezima, vingine vinaungua. Na pointi zako za zamani na kondensa zifunge kwenye kopo, ziwe ndani ya gari.

Swali: Oili ya cherehani inafaa? Na mafuta ya kupikia? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Ya cherehani inafaa kwa pini ya pointi na feliti, na chupa yake ina mdomo mzuri wa kudondoshea. Ya kupikia yanageuka gundi kwa joto. Yabaki jikoni.